Kiti Nyuma ya Kaunta

"Kamera haioni mawazo, Dairekta," nilimwambia binti yangu tena. "Umeandika, 'Msichana anahisi kuta zinamsogelea.' Hizo kuta nani ataziigiza?"

"Mama, ni maelezo tu."

"Maelezo ni kile kinachoonekana na kusikika. Mengine ni mapambo. Futa."

Alifuta, akikipiga kitufe kana kwamba kimemtukana. Duka letu la kuchapa na kutoa fotokopi ni jembamba kama korido: kaunta mbele, mashine ukutani, na sisi katikati, magoti yakigusana. Kikundi cha filamu cha mtaa wa pili huniletea miswada yao niipange. Hadithi wanazo, ila mpangilio wa ukurasa unawashinda. Wiki iliyopita walimwomba binti yangu aende nao kurekodi nje ya mji. Nilikataa. Nani angebaki kwenye mashine? Hakubisha. Aliandika muswada wake, na leo, siku ya safari yao, akanipa niusahihishe.

Nikafunua ukurasa. "Na hivi vichwa vya matukio. 'Ndani, dukani, asubuhi.' 'Ndani, dukani, mchana.' 'Ndani, dukani, jioni.' Filamu nzima haina nje?"

"Haina."

"Watazamaji watakosa hewa."

"Watazoea. Mimi nimezoea."

Nilijifanya sikusikia. Nikamwonyesha majina ya wahusika aliyoyabandika pembeni badala ya kuyaweka katikati, juu ya maneno yao. Kisha nikafika mwisho.

"'Anatamani kuondoka.' Kutamani hakurekodiwi. Andika anachofanya. Anasimama, anachukua mkoba, anatoka."

"Hawezi kutoka."

"Amefungwa kamba?"

"Soma tukio la kwanza, Mama. Nimeonyesha kila kitu kinapokaa, kama unavyowaambia wateja."

Nikarudi mwanzo. Kaunta. Ubao wa kuinua ili mtu apite. Nyuma ya ubao, kiti cha mama. Mama hasimami mpaka duka lifungwe.

Nilitazama chini. Kiti changu kilikuwa pale pale. Nilikiweka hapo ili niwawahi wateja. Hata kwenda msalani, mtoto huyu, mtu mzima, husema, "Naomba kupita, Mama," nami huguna kwanza, ndipo nisogee.

Nje, gari la kikundi lilipiga honi. Hakuinuka. Alikuwa anatazama skrini, mikono mapajani.

"Ukurasa wa mwisho haujakamilika," nilisema. "Kuna mhusika hajafanya kitu."

"Yupi?"

Nilisimama, nikakikunja kiti, nikakiegemeza ukutani. Nikainua ubao.

"Chukua mkoba. Na sweta. Ukifika, wafundishe hao jamaa kupanga ukurasa, nimechoka nao."

Alinitazama, akausoma uso wangu kama anayetafuta kosa. Honi ikalia tena. Akachukua mkoba, nami nikaushikilia ubao mpaka akapita.