Nauli Iliyoishia Kibaha

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni ya kusaini bumu, ile fedha ya kujikimu ya wanafunzi wa mkopo, na aliyekaa dirishani kutusainisha alikuwa bahasha. Nilimjua mara moja. Ni bahasha yangu mwenyewe, ya kaki, nimemwandika kwa mkono wangu NAULI YA SAME, na hukaa ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda changu hosteli, pamoja na wenzake wawili, Chakula na Fotokopi.

"Naetwe," akasema, "saini hapa kwamba ulinila."

Nikamwambia sikumla, nilimkopa tu. Nyie, mtu ukikosewa heshima na karatasi unafanyaje? Kila nilipochomoa kitu kwake niliacha kikaratasi: Nitarudisha. Huo ndio utaratibu wangu tangu mwaka wa kwanza, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Bahasha akavitoa vile vikaratasi, vyote tisa, akavilamba kimoja kimoja na kuvibandika kwenye kioo. "Haya, panda," akasema. Dirisha likawa mlango wa basi.

Sikushangaa, nilikuwa na haraka. Bibi yangu kule Same macho yanamwisha; daktari amesema huenda mwezi ujao asione kabisa. Pasaka alinisubiri, nikamdanganya nina mitihani. Mitihani gani! Nauli ilikuwa imeshageuka wigi. Tangu siku ile naona aibu hata kupokea simu ya mama.

Ndani ya basi abiria wote nawajua. Kiti cha mbele kakaa chipsi mayai, amefunga mkanda. Nyuma yake bando la intaneti, amekufa. Kichwani mwangu kakaa wigi mwenyewe, nywele mpaka mgongoni, anatazama nje.

"Hamjambo," nasema.

"Hatujambo," anajibu chipsi mayai. "Tunasafiri kwa nauli yako. Asante."

Basi linaondoka. Linapita katikati ya ukumbi wa mihadhara, watu wanainua miguu lipite, mhadhiri anaendelea kufundisha. Kisha tuko barabara ya Morogoro. Kisha linasimama.

"Kibaha," anatangaza bahasha, ambaye sasa ndiye konda, kavaa na kofia. "Ndani mwangu kuna elfu mbili na mia tatu. Inaishia hapa. Shuka."

"Konda, nakuomba. Bibi ananisubiri."

"Mimi nabeba kilichomo, dada. Kisichomo sikibebi. Njia ya mwongo fupi, na yako ndiyo hii, Kibaha."

Namgeukia chipsi mayai, namwomba kwa adabu arudi kuwa hela.

"Nirudi vipi, dada yangu?" anasema. "Nilishaliwa. Tena uliongeza na kachumbari."

Bando hata simwulizi. Maiti haisumbuliwi.

Simu inaita. Ni bibi, ingawa bibi hana simu. Anaongea kupitia kiganja chake.

"Mjukuu wangu, umefika wapi?"

"Shikamoo bibi. Niko karibu."

"Marahaba. Karibu na wapi?"

Ningeweza kusema Chalinze, ningeweza hata kusema Mombo, lakini konda alikuwa ananitazama. "Kibaha, bibi," nikasema. "Nauli niliila. Hata Pasaka sikuwa na mitihani."

Bibi akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Najua. Nani anafanya mtihani Ijumaa Kuu? We njoo, mwanangu. Taa yangu inakaribia kuzima, nataka nikuone."

Nikalia. Nililia mpaka chipsi mayai akakunja miguu asilowane.

Ndipo sauti ikatoka juu ya kichwa changu. "Basi jamani, basi. Nishusheni mimi." Ni wigi. "Pale nje kuna dada anauza korosho, ana kichwa kizuri. Huyu tangu aninunue hajaniosha hata siku moja."

Wigi akashuka taratibu, akiomba njia. Alipokanyaga chini tu, konda akavimba tumbo, amejaa nauli nzima. "Twende!" akagonga bodi.

Chalinze na Segera tulizipita kwa dakika moja. Mombo tukakuta kamba ya nguo za hosteli imekatiza barabara, tukainama wote. Mara tuko stendi ya Same, jua la saa nane mchana, na bibi kakaa juu ya debe. Kila abiria anayeshuka, bibi anampapasa kichwa.

"Huyu si wangu," anasema. "Huyu naye si wangu. Huyu akanyoe."

Ikafika zamu yangu. Juu ya sikio la kulia nina kovu. Nikiwa na miaka mitano niliangukia jiwe la kusagia, na bibi akawa ananipaka mafuta ya nyonyo kila jioni mpaka kidonda kikafunga. Vidole vyake vikafika hapo, vikasimama.

"Huyu ni wangu," akasema. "Angekuja na yale manywele ningempita." Akamimina nyonyo kiganjani, akanipaka palepale, mbele ya watu.

Nikaamka. Saa moja asubuhi, hosteli, feni inazunguka. Zuwena, tunayekaa naye chumba kimoja, kasimama kando ya kitanda changu kaziba pua.

"We Naetwe, umepaka nini? Mbona chumba kizima kinanuka nyonyo?"

Nikapeleka mkono juu ya sikio la kulia. Vidole vikarudi na mafuta. Mimi sijawahi kununua nyonyo maishani mwangu.

Nikalitazama wigi, linaning'inia kwenye msumari. Zuwena amekuwa akilitamani tangu siku niliyolileta.

"Bado unalitaka?"

"Acha utani. Bei gani?"

"Nauli ya Same."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda," nikasema, nikishuka kitandani kutafuta begi. "Ya kurudi nitaijua hukohuko."