Swali Moja kwa Kila Mtu

Kanuni niliiandika mwenyewe na kuibandika mlangoni: msaidizi hagusi kibodi ya mwanafunzi, hanyooshi kidole, hatoi jibu. Siku ya mtihani anaruhusiwa kuuliza swali moja tu kwa kila mtu. Niliiandika kwa hasira, maana wasaidizi wa awamu iliyopita waliwaandikia watu kurasa nzima, halafu wahitimu wakafika kazini wakatoa macho tu. Mkuu wa chuo chetu cha kompyuta aliisifu sana. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Safari hii msaidizi wa mtihani nilikuwa mimi, na dada yangu alikaa kompyuta ya nne, karibu na dirisha. Kiwanda cha nguo alichoshonea miaka kumi na moja kilifungwa, na sasa yeye na wanawe wawili wanalala sebuleni kwangu. Hajalalamika hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Watakaoongoza mtihani huu wanaanza kazi Jumatatu, kutengeneza kurasa za tovuti za kampuni ya uchapaji. Nafasi zenyewe ni mbili.

Swali lilikuwa ukurasa wa duka la viatu: kichwa cha habari, picha, orodha ya bei, na kiungo cha mawasiliano. Dada aliandika HTML, lugha ya kutengenezea kurasa, kama anavyoshona, polepole, kila tagi, yaani alama ya amri, anayoifungua anaifunga kabla ya kuendelea. Nilisimama nyuma yake nikasoma yote. Halikuwemo kosa hata moja. Nikavimba kichwa, nikaenda zangu kwa wengine.

Niliporudi, jasho linamtoka. Brauza yake, dirisha la kutazamia kazi, inaonyesha ukurasa mweupe wenye mstari mmoja. Anarifreshi, anaufungua upya, hakuna kitu. Anafuta picha, anaiandika upya, anarifreshi, wapi.

Mdomo wangu, kama kawaida yake, ukanitangulia. "Umesevu?"

"Nimesevu, mwalimu," akasema. Mbele za watu huniita mwalimu.

Ndipo nikaona jina la faili juu ya brauza: mazoezi. Alikuwa anaandika kwenye faili la mtihani, lakini anatazama lile la mazoezi ya jana, lililobaki wazi. Angeandika mwaka mzima, lile lisingebadilika. Na swali langu nilikuwa nimeshalitupa.

Jamani, dakika ishirini nilisimama pale, mikono mgongoni, nang'ata ulimi. Nilikohoa. Nilikazia macho sehemu ya juu ya skrini mpaka yakaniuma. Akadhani natazama saa ya ukutani, akaongeza kasi. Akafuta orodha ya bei. Akafuta kiungo, na picha tena. Alikuwa anafumua nguo nzima akitafuta uzi uliokatika, na nguo haikuwa na shida yoyote. Mkuu alikuwa mezani pake, ananitazama mimi, si wao. Nilimchukia bure, kwa kuwa kanuni haikuwa yake.

Muda ukaisha. Mkuu akafungua faili la mtihani, akakuta kichwa cha habari peke yake. Akaandika alama, akasogea kompyuta ya tano.

Nje, kwenye ngazi, dada akaniuliza, "Nilikosea wapi, mdogo wangu?"

Sasa naruhusiwa. Nikamweleza yote, faili kwa faili.

"Kwa hiyo ilikuwa sawa," akasema.

"Ilikuwa sawa tangu mwanzo."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua, dada."

Nilitaka anitukane, ningepumua. Akashuka ngazi moja. Basi nikaanza kujitetea, mtu mzima mimi. Nikamkumbusha nilipokuwa darasa la kwanza, jinsi alivyonisimamia hesabu huku ameikalia mikono yake asije akaninyooshea jibu, nami nalia, naye anasema tu, tazama tena. Nikamwambia kanuni ile niliitoa kwake.

"Umesahau," akasema taratibu. "Ulipoanza kulia nilikuwa nakuonyesha."

Akanipa mkoba wake nimshikie, akainama kufunga kamba ya kiatu, na hakuinuka haraka.