Mkono Uliotangulia Nati

Mimi ni fundi wa tairi la nyuma kulia. Kazi yangu huisha ndani ya sekunde tatu, na sekunde hizo zimenitia mvi kabla ya wakati. Gari la mashindano likisimama mbele ya banda letu, nafungua nati moja ya katikati, mwenzangu anachomoa tairi, mwingine anachomeka jipya, nafunga, nanyoosha mkono. Mikono minne ikiwa juu, Mkuu wa Mafundi anamwachia dereva aondoke.

Sheria ni kufunga kwanza, mkono baadaye. Ila sisi mafundi wanne tulikuwa na ujanja wetu: mkono ulipanda juu huku mashine ya kufungia ingali inazunguka. Tuliiba nusu sekunde, tukasifiwa, tukavimba vichwa.

Siku hiyo dereva alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, akiongoza mashindano kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilinyoosha mkono, gari likachomoka. Ndipo nikagundua sikuihisi mashine ikigoma mkononi, kule kugoma kunakokuambia nati imefika mwisho. Nikabaki nimesimama palepale, mashine mkononi.

"Mbona umeganda?" aliuliza Kidevu, fundi wa tairi la mbele kushoto.

"Sina uhakika na nati yangu."

"Funga domo! Imebaki mizunguko minane tu. Unataka kumharibia mdogo wako?"

Kwenye runinga nilimwona akikata kona ya kwanza, kisha ya pili. Nilinyamaza kona mbili nzima, na mpaka leo najichukia kwa kona hizo. Kisha nikamkimbilia Mkuu.

"Msimamishe, Mkuu! Nati yangu huenda haijakaza."

"Si ulinyoosha mkono?"

"Nilinyoosha kabla. Huwa tunafanya hivyo."

"Mnafanya? Wewe na nani?"

Kidevu alikuwa anatazama viatu vyake. Mkuu hakupoteza muda kunitukana, alibonyeza redio.

"Simama pembeni sasa hivi. Tairi."

"Gari liko sawa!" mdogo wangu alipiga kelele. "Niacheni, naongoza!"

"Nimesema simama!"

Akasimama kwenye majani, na magari yote yakampita, moja baada ya jingine.

Gari lililetwa bandani juu ya lori. Mdogo wangu alishuka macho mekundu, akasimama kando ya Mkuu aliyekuwa akiipima nati yangu. Haikusogea hata kidogo.

"Imekaza, kaka," alisema. "Imekaza! Umeninyima siku yangu kwa woga wako."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Alikuwa hai, ananifokea. Angenifokea hadi kesho ningemsikiliza.

Mkuu aliendelea kulizunguka gari, tairi hadi tairi. Alipofika la mbele kushoto, aliigusa nati kwa vidole viwili. Ikazunguka yenyewe.

Mdogo wangu aliitazama ile nati, akashika ukingo wa gari asianguke.

"Kona iliyokuwa inafuata," alisema taratibu, "huwa sikanyagi breki."

Kidevu aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, mikono usoni. Nilitaka kumrukia shingoni, na hakuna ambaye angenizuia. Lakini miguu ilikataa. Mimi pia nilinyoosha mkono, na nati yangu ilikaza kwa bahati tu.