Moyo Uliodondosha Maua ya Mikorosho

Bibiana alitua ndoo mlangoni, akajifuta jasho, akangoja maji yatulie. Hayakutulia. Yalijikunja viduara viduara kutoka katikati, na kuku waliokuwa wakidonoa uwanjani wakarukaruka, tu-tu, tu-tu, wote kwa pamoja. Akajishika kifua. Ulikuwa moyo wake, na ardhi ilikuwa ikiupokea.

"Mama Erasto, umeanza tena?" Nikolao, mumewe, aliuliza kutoka ndani. Kitanda kilikuwa kikimtikisa.

"Umeanza."

"Basi kaa mbali na mtungi. Tumebakiwa na huo huo."

Zahanati walimsikiliza, wakamwambia ni mzima, arudi nyumbani akale vizuri. Bibiana hakuamini. Mzima gani huyo anayetikisa vyungu vya jirani? Akawa anajipima shingoni kwa vidole viwili: akisonga ugali, akishuka bondeni kuteka maji, akisali. Akijipima, moyo unaongeza mbio. Ukiongeza mbio, anajipima tena. Mwaka ule ugali uliungua sana katika nyumba ile ya Newala.

Kilichousaidia ni vitendawili. Moyo ule ulipenda kutegewa. Bibiana aliuinamia akanong'ona: "Kitendawili! Ngoma yangu haiwambwi upya wala haipelekwi motoni." Moyo ukapunguza mwendo, ukawaza. Uliposhindwa, akaudai mji, nao ukatoa. Kabla ya kipupwe ulikuwa umeshampa Masasi, Lindi na Songea yote. Newala ulikataa kuitoa.

Ndio kwanza serikali ilikuwa imewaruhusu watu binafsi kufanya biashara. Salfa ya kupuliza mikorosho, iliyokuwa ikiletwa na ushirika, sasa aliiuza Fakihi, mwenye duka pale njia panda. Wanaume waliwasha mashine za kupulizia alfajiri, unga ukapanda mitini kama ukungu. Nikolao akarudi uso umemjaa unga.

"Baba Erasto, macho hayakuwashi?"

"Hata kidogo."

"Mbona ya zamani ilikuwa inawaliza?"

"Ndiyo hiyo ya zamani. Fakihi anasema ya kisasa haiwashi."

Bibiana alichovya kidole kwenye gunia, akalamba. "Huu unga una muhogo ndani yake."

"Wewe na moyo wako! Kila kitu unakishuku. Juzi ulisema una kansa ya kisigino."

Bibiana akajifutia kidole kwenye kanga, maana la kisigino alilisema kweli.

Haukupita muda, ubwiri unga, ugonjwa ambao salfa ilipaswa kuuzuia, ukashika maua, yakawa meusi, yakaanza kudondoka. Fakihi alikuja mwenyewe kutazama. Alisimama chini ya mkorosho, akasikia ardhi ikipiga tu-tu chini ya viatu vyake, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Salfa haina kosa, jamani. Itashika vipi kwenye ua linalotikiswa kutwa kucha? Pole sana, Mama Erasto. Ugonjwa wako ni mkubwa."

Watu wakaona ni kweli. Moyo walikuwa wakiusikia kwa nyayo zao. Salfa haikuwa na sauti. Wakamwomba Bibiana, kwa adabu, akakae kwingine mpaka korosho zivunwe. Naye alikwisha kuamini nusu yake. Alimtazama Fakihi usoni, kisha akajipima shingoni, akafunga nguo zake.

Alikwenda Chiwata kwa dada yake Yuliana. Huko akalala usingizi. Kuku wa Yuliana walidonoa kila mmoja kwa nafasi yake.

Siku moja Nikolao akafika, amepauka kwa vumbi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, shemeji. Habari za huko?"

"Maua yamekwisha yote." Akamgeukia mkewe. "Ulipiga sana?"

"Umetulia tangu nifike. Muulize dada."

"Ni kweli, shemeji," Yuliana akasema. "Hata kifuniko cha sufuria hakijalia."

Nikolao akakuna kidevu. "Na sisi kule hatukusikia kitu. Ila Fakihi anasema usiposikika ndipo unapita chini zaidi, kwenye mizizi."

"Fakihi anasema."

"Ndiyo. Nimeshachukua kwake salfa ya mwakani, maana anasema itapanda bei."

Chai ikaanza kucheza kikombeni mwa Bibiana. Kuku wakainua vichwa.

"Unaona sasa?" Nikolao akasema kwa upole. "Si kwamba nakufukuza. Nenda kwa binti yetu Nanganga. Kule ni mbali, na mizizi yetu haifiki."

Yuliana akafungua mdomo, akatazama mikorosho yake mwenyewe nyuma ya nyumba, akaufunga.

Kesho yake alfajiri Bibiana alipanda lori. Alikaa mbele kabisa, mgongo kwenye bodi, pale injini inapotetemesha watu wote sawasawa. Kando ya barabara, shamba baada ya shamba ambako maua yalikuwa bado mitini, wanaume walikuwa wamesimama, mashine zao mgongoni na magunia ya Fakihi miguuni. Walikuwa hawajawasha.

"Shikamoo, mama! Safari njema!"

"Marahaba, wanangu."

Walimpungia mikono, wakangoja lori lipite na moyo wake. Kisha, moja baada ya nyingine, akazisikia mashine zikiwaka nyuma yake.