Tisa Tatu za Adeline

Mwaka ule mji wa Bunia ulikuwa umeanza kupumua baada ya vita, lakini kwa tahadhari: saa kumi na mbili jioni kila mtu alitakiwa awe nyumbani kwake. Ndiyo maana mama Anastasie, aliyekuwa ameifungua tena baa yake ya mtaa wa Saio, alipanga mchezo wa poka Jumapili mchana. Kila mchezaji alipewa kikombe cha maharagwe ya kuwekea dau. Saa kumi na moja na nusu mchezo ungekoma, na mwenye maharagwe mengi angeondoka na ng'ombe mtamba mwekundu aliyefungwa uani.

Ulipobaki mzunguko mmoja wa mwisho, mezani walikuwa watatu. Alphonse, mfugaji wa Irumu, mtu wa kelele. Katsuva, muuza chumvi, aliyefuata kila dau dogo bila kusema neno. Na Adeline, mshonaji, aliyefundishwa poka na mumewe Zacharie tangu walipokuwa Butembo.

Fundisho la Zacharie lilikuwa moja: ukishika karata kali, nyamaza, usiongeze dau, wenzako wajiingize wenyewe. Saa moja nyuma Adeline alikuwa amemtii. Alinyamaza na wafalme wawili mkononi, mchezaji mwenzake Claire akaendelea bure, akaipata karata aliyoitaka na kumla nusu kikombe.

Sasa akainua ncha za karata zake. Tisa mbili. Anastasie akafunua karata tatu kati ya tano za mezani, za kutumiwa na wote: tisa ya kopa, mfalme wa kopa, nne nyeusi.

Tisa tatu! Damu ikampanda Adeline hadi masikioni. Nyuma yake Zacharie alikohoa, na yeye akaijua maana ya kile kikohozi: nyamaza.

"Mama, tunakungoja weye," Alphonse alisema. "Jua iko nashuka!"

Angekuwa peke yake na Alphonse, angenyamaza. Yule hakuweza kuona kimya asikirukie. Lakini Katsuva alikuwa ametazama zile kopa mbili mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akazifunika karata zake kwa kiganja. Huyu anangoja kopa moja tu atimize tano za kunishinda, Adeline aliwaza. Nikinyamaza, ataipata bure.

Akasukuma nusu ya maharagwe yake yote katikati ya meza.

"Yesu!" Zacharie alisema.

Alphonse akacheka. "Mwenye karata hapigi makelele vile. Unatutisha tu. Miye natia yote!"

Katsuva akahesabu, akatikisa kichwa, akahesabu tena. Akazitupa karata zake.

"Nakufuata," Adeline alisema, akasukuma yaliyobaki. Maharagwe mengine yakadondoka chini.

Wakaonyesha. Alphonse alikuwa na mfalme na nne: jozi mbili. Alipoziona tisa tatu, kicheko kikamkauka.

Karata ya nne ikafunuliwa. Kopa! Katsuva akaruka na kupiga meza kwa ngumi. "Ilikuwa yangu! Kopa tano, muone!"

Ikabaki moja. Ni mfalme tu angemwokoa Alphonse. Alisimama, baa nzima ikasimama naye. "Roi! Roi! Mfalme!" alimwita kama anayeita ng'ombe malishoni. Adeline alifumba macho.

Jeki, si mfalme.

Adeline hakusikia kilichofuata kwa vile alivyopiga vigelegele. Zacharie alimnyanyua juu na kiti chake.

"Miye ningenyamaza," alimwambia.

"Na leo Katsuva angekula ngombe yetu!"

Lakini uani mtamba aligoma. Zacharie alivuta kamba, Adeline alisukuma, mnyama akajikita miguu minne, na saa kumi na mbili ilikuwa inakaribia. Alphonse aliwatazama kutoka mlangoni mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Siye tumezaliwa na ngombe. Leta kamba, ndugu yangu." Akamkuna mtamba chini ya shingo, akamnong'oneza neno la kwao, na mnyama akamfuata. Nao wakakimbia nyuma yake barabarani, wakimwelekeza njia ya nyumbani.