Mshenga Mwenye Koti la Mvua

Jumatatu Luka, mchumba wangu, alinipigia simu akaniambia barua ya posa imeshaondoka kwao Msangano. Nikamuuliza anaileta nani.

"Posta," akasema kwa sauti ndogo. Baba yake mdogo, aliyepangwa kuwa mshenga, alikuwa ameteguka mguu, na wazee wake hawakutaka kungoja mpaka mvua ziishe.

Huku kwetu Ileje posa huletwa na mtu. Anapiga hodi, anapewa kiti, anachinjiwa kuku, ndipo anaeleza kilichomleta. Na anayepeleka barua za posta katika vijiji vyetu ni baba yangu. Kila Alhamisi huchukua mkoba wa barua Vwawa akapanda nao milima kwa pikipiki.

Nilimwambia mama. Mama akamwambia shangazi Tupokigwe, dada yake baba, naye akahamia kwetu siku hiyohiyo na begi lake.

"Posa yenye stempu!" alisema hata kabla ya kukaa. "Kwani Recho ni kifurushi? Ikifika, inarudi na pikipiki hiyohiyo. Ukoo huu haujawahi kupokea posa isiyo na mtu."

Mama hakumpinga, maana katika ndoa za watoto wa kaka yake, shangazi ndiye mwenye neno la mwisho. Baba alisikia yote, akaendelea kupaka mnyororo wa pikipiki oili. Mimi niliangalia vidole vya miguu yangu. Chuoni nilijifunza kusimama mbele ya wanafunzi sitini, lakini mbele ya shangazi sauti yangu hujificha. Usiku ule niliulowesha mto kwa machozi.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baba alianzia shuleni, zahanati, kisha nyumba moja moja. Ya kwetu huwa ya mwisho. Saa kumi tukasikia pikipiki ikizimwa uani. Hakuingia.

"Hodi!"

"Baba Recho, ingia, unalowa," mama akamwambia.

"Hodi wenyewe! Mimi mgeni."

Tulitoka barazani. Alikuwa amesimama ndani ya koti la mvua la kazini, tope mpaka magotini, mkoba kifuani.

"Kaka, umekunywa nini huko?" shangazi akauliza.

"Kaka yako simfahamu. Mimi ni mshenga, nimetumwa na watu wa Msangano. Nimevuka madaraja matatu yamejaa maji na kule mteremkoni nimeanguka. Ninyi mnaniacha kwenye mvua?"

Mama ndiye aliyecheka kwanza. Akafuta kiti cha wageni kwa kanga yake. "Karibu, mgeni. Jogoo yule pale, nakwenda kumkamata."

Shangazi alikuwa bado amekaza uso. "Barua yenyewe ya nani?"

"Ya Mzee Ambakisye."

"Si wewe huyo?"

"Mzee Ambakisye yuko kazini." Baba akatoa bahasha, kavu kabisa, na daftari lake. "Ni ya rejesta, lazima mtu wa nyumba hii aitie saini. Kama hamuitaki semeni, niandike imekataliwa, irudi."

Akaweka kalamu juu ya daftari. Hakunitazama.

Shangazi alimtazama kaka yake, yale matope, ile bahasha kavu. Kisha akakohoa na kuuliza swali ambalo huulizwa tu pale posa inapokuwa imepokelewa.

"Recho mwanangu, watu hawa unawafahamu?"

Mdomo ulikataa. Nikachukua kalamu nikaandika jina langu lote, mpaka la babu, na tarehe.

"Huyu sauti yake iko mkononi!" shangazi akasema, akapiga kigelegele hadi jogoo akamponyoka mama.

Tulimkamata watatu, tukicheka, tumelowa. Mgeni alikula, akashukuru, akatoka. Nyuma ya nyumba akavua koti, akanawa miguu, akarudi kwa mlango uleule.

"Habari za hapa? Nasikia mlikuwa na mgeni."

"Tulikuwa naye," shangazi akamjibu. "Mtu mwema sana. Ila kaka, pole. Firigisi yako kaila yeye."