Vidonge Tisa vya Bukene

Kitabu kilikuwa chembamba, kurasa arobaini na nane, na Abbasi alianza kukisoma mwishoni, kwenye ukurasa wa shukrani. Mwandishi wake, Pelagia, alikuwa amewashukuru walimu wake wa Dar es Salaam, amewashukuru wenyeviti wa vijiji, amemshukuru hata dereva wa Landrova. Jina la Abbasi halikuwamo. Alirudia kusoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, kisha akakifunga kitabu na kusema, "Ala!"

Nani alimfundisha Pelagia kuhesabu vidonge bila kuvigusa kwa mkono? Abbasi. Nani alimwonyesha kukunja kibahasha kisimwage dawa njiani? Abbasi huyo huyo, mtoa dawa wa Zahanati ya Mtakuja hapa Tabora tangu kabla ya uhuru, na mwalimu wa kila Jumatatu wa wanafunzi wa uganga wa vijijini. Na leo binti aliyekuwa akimfagilia chumba cha dawa amerudi kutoka chuo kikuu na utafiti, na mikoa miwili imeshaanza kuufundisha! Wizara ilitaka Tabora nayo ianze, ila kwanza mwalimu wa dawa, Abbasi mwenyewe, aandike maoni yake kufikia Ijumaa. Akisema hakifai, basi, kitabu kimelala.

Tusimfichie: alikuwa na wivu. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na yeye akauita haki.

"Si mwanafunzi wako?" mkewe Maua alimuuliza. "Sifa yake si sifa yako?"

"Sifa gani isiyo na jina?"

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Pelagia alikuwa amewafuata majumbani wagonjwa waliopewa dawa katika "dirisha moja la magharibi ya nchi", akawauliza walizinywaje. Kati ya kila kumi, saba walikuwa wamekosea. Kwa hiyo alitaka kila mtoa dawa, kabla mgonjwa hajaondoka dirishani, amwambie: Hebu nieleze wewe, nyumbani utakunywaje? Abbasi alicheka sana. Mgonjwa amfundishe mganga! Na dirisha lile alilijua, au alidhani analijua: la Nassibu, mtoa dawa mwenzake wa Usinge, mtu mwenye mwandiko kama kuku aliyeparua.

"Nyani haoni kundule," alimwambia Maua. "Nassibu huyo, nakuapia!"

Yeye Abbasi aliandika kwa mwandiko wa kupendeza, na kila mgonjwa alimwambia kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Kimoja, kutwa mara tatu, baada ya chakula." Miaka ishirini na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Angeikusanya ithibati yake mwenyewe, kumi kwa kumi, amwaibishe binti yule mbele ya Wizara. Akafungua daftari la wagonjwa wa masika, akanakili majina kumi ya watu wa Bukene waliokuja kutibiwa Tabora, na Jumatano akapanda treni ya Mwanza.

Jina la kwanza lilikuwa Jilala, ugonjwa wa kifua, penisilini vidonge kumi na tano vya siku tano. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika safu ya kijiji cha ujamaa. Mkewe, Ngollo, alikuwa akipeta karanga. Alipomtambua mgeni alipiga goti.

"Mwangaluka, Daktari! Umekuja hadi kwetu?"

Akampa kigoda. Abbasi akatoa kalamu. "Mama, ile dawa mliinywaje?"

"Kama ulivyotuambia. Baada ya chakula." Ngollo alisema kwa fahari. "Majirani walisema anywe na asubuhi. Nikakataa! Daktari amesema baada ya chakula, na ulikuwa wakati wa kulima. Tunatoka alfajiri, tunarudi jua limezama, ndipo chungu kinapanda jikoni. Chakula ni hicho kimoja. Anakula, anakunywa kimoja. Hatukuruka hata siku moja."

Kalamu ya Abbasi ilisimama. "Jilala yuko wapi?"

"Alitutoka siku ya sita."

Akaingia ndani, akatoka na khanga, akafungua fundo la pembeni. Ndani mlikuwa na kibahasha chenye mwandiko mzuri. "Vilibaki tisa. Nikasema hii ni mali ya umma, nitamrudishia mwenyewe aliyenipa. Yule binti wa Landrova alikuja akauliza maswali kama haya yako. Nilimwonyesha, lakini sikumpa. Alisoma mwandiko, akalia."

Abbasi alivihesabu. Vilikuwa tisa. Hapo ndipo alipolijua lile dirisha moja la magharibi ya nchi, na kwa nini jina lake halikuandikwa popote. Binti alimsitiri. Na hata hapo wivu haukumwachia: alimwonea Pelagia wivu kwamba ndiye aliyetangulia kulia mlangoni pale.

"Mama," alisema, "kosa ni langu. Alitakiwa anywe mara tatu, hata kama hajala."

Ngollo alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. "Sasa mbona hukusema?"

Abbasi alikitia kibahasha mfukoni, akaaga. Majina tisa yaliyobaki aliyafuata vilevile, nyumba kwa nyumba, hadi kesho yake, na wanane walimjibu kama Ngollo: kwa heshima na kwa utii.

Ijumaa asubuhi alimkuta Pelagia kwenye ofisi ya chuo cha uganga wa vijijini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akaweka mezani kitabu, barua yake ya maoni, na kibahasha. Pelagia alikitazama kibahasha, hakukigusa.

"Kifundishwe," Abbasi alisema. "Nimeandika hivyo. Lakini mkichapa tena, mtie jina langu."

"Mwalimu, ukurasa wa shukrani nili..."

"Si huko. Ukurasa wa kumi na moja. Penye dirisha."

"Siwezi kukufanyia hivyo, Mwalimu wangu."

"Wanafunzi wangu watasoma hapo wacheke, waseme ni mjinga wa Usinge. Mimi nilicheka." Akakivuta kitabu, akafungua ukurasa ule, akayakata maneno "dirisha moja la magharibi ya nchi", na juu yake, kwa ule mwandiko wa kupendeza, akaandika: Abbasi bin Omari, Zahanati ya Mtakuja.